Kisima cha nyumbani mlimani Lushoto: maji yanachafuka masika na kukauka kiangazi, tuanze na lipi?

Mama Shamba (mleta uzi)

Wakubwa shikamooni, na wengine habari za leo.

Naomba ushauri juu ya kisima cha familia yetu kilichopo Usambara Magharibi, kwenye mteremko, chini ya shamba la mahindi la jirani. Kilichimbwa kwa mikono hadi mita 11, na kimejengewa kwa karavati za zege zenye upana wa ndani wa mita 1.2 kutoka juu hadi chini. Tunakitumia sisi pamoja na majirani ambao hatuna moyo wa kuwanyima, kwa sababu wakikosa hapa hulazimika kushuka bondeni na kupanda tena na ndoo kichwani.

Tuna shida mbili. Kila mvua kubwa ya masika inaponyesha, maji huwa mekundu ndani ya saa chache na kukaa hivyo kwa siku kadhaa, na mwaka huu watoto waliharisha katika kipindi hicho hicho. Shida ya pili ni kwamba ifikapo Septemba maji hupungua hadi ndoo inagonga tope. Fundi mmoja ametushauri tuchimbe zaidi na kununua pampu ya umeme ya kuweka juu ya ardhi. Mwingine anasema tumwage dawa tu, itatosha. Fedha tuliyo nayo haiwezi kufanya yote kwa pamoja.

Fundi Karavati

Dada, pole sana kwa kuuguliwa. Msinunue pampu wala msichimbe bado.

Jibu la shida yenu ya kwanza limo katika hizo saa chache ulizozitaja. Maji yanayoshuka polepole kupitia udongo huchujwa njiani, na hayawezi kufika chini yakiwa mekundu upesi namna hiyo. Yakifika hivyo, yamepata njia ya mkato: ufa kwenye sakafu ya zege, maungio ya karavati za juu, au pengo lililobaki nyuma ya karavati baada ya udongo wa kujazia kushuka. Mvua ikikatika na jua likatoka, chukueni kioo mrudishe mwanga wa jua ndani ya kisima. Mtaona michirizi ya matope ukutani, na mara nyingi itakuwa upande wa mlimani.

Mkishaiona, fukueni udongo kwa nje hadi chini ya maungio yanayovuja, kipande kwa kipande, kwa sababu udongo wetu mwekundu ukiwa umelowa humwangukia mtu bila kumpa dalili. Safisheni maungio, yapigeni lipu ya saruji moja kwa mchanga tatu, kisha rudishieni udongo wa mfinyanzi uliolowana kidogo, mkiushindilia tabaka kwa tabaka, kila tabaka lisizidi sentimita 15. Hapa ndipo mafundi wengi hulipua kazi: hurudisha kifusi chochote, na msimu unaofuata maji yanapita palepale. Juu yake jengeni sakafu mpya iliyotoka nje ya kisima angalau mita 1 kila upande, yenye mwinuko wa kutoa maji nje, ukingo pembeni, na mfereji wa kuyapeleka upande wa chini. Imwagilieni siku 7 ili isipasuke.

Na msiishie kwenye kisima. Chimbeni mtaro wa kukinga maji kwa upande wa juu, wenye umbo la mwezi mchanga, ili mafuriko ya shambani yagawanyike na kupita kushoto na kulia. Mkipatana na jirani aweke makingamaji na kuyapanda majani ya guatemala kama ilivyozoeleka huku Lushoto, mtafaidika wote, kwa sababu udongo wake pia unaondoka na maji hayo.

Afisa Afya Mstaafu

Naungana na Fundi. Dawa haizibi ufa. Ukitia klorini leo na mvua ikinyesha kesho, umerudi ulipoanza. Tena klorini hufanya kazi vibaya kwenye maji yenye matope. Kwa hiyo kwa sasa maji ya kunywa yachemsheni, kwanza yakiwa yametuama na kuchujwa kwa kitambaa safi.

Baada ya ukarabati, toeni maji yote machafu, sugueni kuta, acheni kisima kijae, ndipo mtie dawa. Kwa upana wenu wa mita 1.2, kila mita moja ya kina cha maji ni takriban lita 1,130. Maji yakiwa na kina cha mita 3 mtakuwa na lita 3,400 hivi, na kwa kipimo cha miligramu 100 kwa lita mtahitaji karibu nusu kilo ya klorini ya unga yenye nguvu ya asilimia 70. Ikorogeni kwanza kwenye ndoo ya plastiki, nje, mkiwa mmevaa glavu na upepo ukiwa mgongoni. Iacheni kisimani saa 24 bila mtu yeyote kuchota, kisha toeni maji hadi harufu kali iishe, na maji hayo msiyamwage kwenye bustani wala mtoni.

Naomba kujua pia: choo na mabanda ya mifugo yako wapi?

Mama Shamba

Mrejesho. Jana mvua ilinyesha, leo asubuhi tukatumia kioo kama Fundi alivyoelekeza. Kati ya karavati ya pili na ya tatu, upande wa mlimani, kuna mchirizi mwekundu unaong'aa, na maji yalikuwa bado yanatiririka. Sakafu nayo ina ufa ambao kidole kinaingia. Choo chetu kiko chini ya kisima, mbali kabisa, lakini banda la ng'ombe la jirani liko juu yetu kama mita 20, na samadi hurundikwa nyuma yake.

Tutaanza na kuziba. Je, kuhusu kuchimba zaidi?

Mtaalamu wa Maji Ardhini

Milima ya Usambara ni miamba migumu ya kale iliyooza kwa juu. Maji ya visima kama chenu hukaa kwenye tabaka hilo lililooza na hutembea juu ya mwamba mzima. Kwa hiyo swali la kwanza ni kama chini ya tope lenu bado kuna udongo au mmeshafika kwenye mwamba. Pima kwa nondo ndefu: ikizama, kuna nafasi ya kuongeza; ikigonga na kurudi kila sehemu, kuchimba ni kupoteza fedha, na ni bora kuwekeza katika makingamaji ya juu ili mvua iingie ardhini badala ya kukimbia.

Kama nafasi ipo, chimbeni mwishoni mwa kiangazi, kabla ya vuli, maji yakiwa chini kabisa. Msichimbe chini ya karavati za sasa, kwa sababu zitashuka na maungio yatafunguka. Shusheni karavati nyembamba zaidi ndani yake, mkichimba katikati ili zizame kwa uzito wake, na mwisho mtandaze kokoto chini.

Kuhusu pampu ya juu ya ardhi, hiyo huvuta maji kwa msaada wa shinikizo la hewa, na Lushoto, kwenye mita 1,400 hivi, shinikizo hilo ni pungufu kwa takriban asilimia 15 kuliko Tanga mjini. Pampu inayovuta mita 7 pwani huenda isizidi 6 huku. Maji yenu ya Septemba yako kwenye kina cha zaidi ya mita 10, kwa hiyo haitayafikia.

Fundi Karavati

Naongeza jambo moja kwa msisitizo wote. Mtu asishuke kisimani peke yake wala bila kamba ya kiunoni inayoshikwa na watu juu. Kamwe msiteremshe mashine ya petroli ndani ya kisima, hata kwa dakika chache: moshi wake una gesi isiyo na harufu inayoua, na mshumaa ambao watu huuteremsha kupima hewa hauwezi kuionyesha. Aliyeanguka chini avutwe kwa kamba. Anayeshuka kumfuata naye anaweza kufa palepale.

Afisa Afya Mstaafu

Mama Shamba, umbali unaoshauriwa kwa kawaida kati ya kisima na choo au samadi ni angalau mita 30, na chenu kiko chini ya mteremko, kwa hiyo hata hizo 30 ni chache. Nendeni kwa jirani kabla ya kwenda kwa mwenyekiti wa kitongoji, mkiwa na majembe mkononi, mkajitolee kumhamishia rundo upande wa pili wa shamba lake na kulifunika lisinyeshewe. Nitreti, chumvi inayotoka kwenye samadi na inayoweza kuwadhuru watoto wachanga, haiondolewi na klorini, na kuchemsha huizidisha. Hivyo kama kuna mtoto chini ya miezi 6 anayetengenezewa maziwa kwa maji hayo, mtafutieni mengine hadi maji yapimwe. Ulizeni ofisi ya wilaya ya RUWASA, wakala wa maji vijijini, jinsi ya kupeleka sampuli kwenye maabara ya Wizara ya Maji, na muombe wapime nitreti pamoja na vimelea vya kinyesi.