Mrejesho: kioo cha mlango wa dereva kimekaa

Jamani, asanteni. Niliuliza hapa kama kioo cha dirisha la mlango wa gari, kile kilichofungwa kwa bolti, naweza kukibadilisha mwenyewe, baada ya cha kwanza kupigwa jiwe. Nimekibadilisha, hapa hapa Likoni, chini ya mwarobaini.

Kufungua kava ya mlango si kazi. Kazi ni chenga! Kioo cha dirisha la pembeni kikivunjika hakishikani kama cha mbele, chamwagika punje punje, na zilikuwa zimeingia hadi kwenye matundu ya kutolea maji. Zikiziba, kwa chumvi hii ya bahari yetu, mlango waliwa na kutu upesi. Nati za kushikia kioo zilikuwa zishaanza kutu.

Aliyenijibu nisikaze nati mapema alisema kweli. Nilifunga nati kwa vidole, nikapandisha kioo mpaka juu kikajikalia kwenye raba zake, ndipo nikakaza kidogo kidogo. Na washa za plastiki, vile vipete vya kati ya nati na kioo, usizikose: chuma kikigusa kioo ukikaza, kioo kimevunjika. Zangu zilikuwa zimekauka, nikanunua nyingine mjini, bei ya maandazi.

Chapanda na kushuka vizuri. Ila nikishika mwendo, upepo wapiga mluzi pale kona ya juu. Anayejua raba ile yarekebishwaje, aniambie.