Ushauri: Peugeot 404 ya marehemu baba, niiuze au niitengeneze? (Wete, Pemba)

Mtoto wa Utaani
Assalaam alaykum wakuu. Naomba ushauri, na naomba mnijibu leo maana Jumamosi haiko mbali.

N'na Peugeot 404 ya mwaka 1969, ile ya abiria yenye buti, rangi ya maziwa. Iko nyuma ya nyumba yetu Wete, chini ya mshelisheli. Ilikuwa teksi ya baba. Imepanda na kushuka vilima vya Wete na Chake kabla wengi wetu hatujazaliwa, imepeleka maharusi, imepeleka wagonjwa usiku wa manane, na msimu wa karafuu ilipakia magunia mpaka matako yakagusa chini. Sasa haiwaki. Kuna mtu anaitaka.

Roho inaniuma. Kila siku naona watu wanaoneshana Land Rover na Volkswagen Beetle, wanasema hizo ndizo gari za kale. 404 haitajwi, utadhani haijapita katika visiwa hivi. Gari iliyoshinda mbio za magari za East African Safari mara nne! Niiuze au niitengeneze? Na kama ni kuuza, bei gani isiyo dhulma?

Nahodha wa Mkokotoni
Waalaykum salaam mwanangu. Umesema kweli kuhusu mbio za Safari. Zilikuwa zikifanyika siku za Pasaka, na sie watoto tukijibanza kwenye redio ya jirani. 1968 ziliondoka gari 93, zikamaliza 7 tu. Ya kwanza ilikuwa 404 ya Nowicki na Cliff. Hao hao ndio walioshinda 1963, na mwaka ule pia waliomaliza ni 7. Katikati hapo, 1966 na 1967, akashinda Bert Shankland akiwa na Rothwell, tena kwa 404. Shankland alikuwa akiishi Dar es Salaam, kwa hiyo sie tukimhesabu wetu. Nakumbuka mwaka mmoja mvua ilinyesha mpaka jirani akasema Mungu hataki mashindano. Ile redio ilikuwa Philips, ya mbao, na mwenyewe hakuturuhusu kuigusa.

Karafuu Kavu
Uza yakhe, ununue Vitz. Mshelisheli utakupa mashelisheli, gari itakupa nini?

Fundi Kabureta
Kaka, kabla ya bei nijibu haya.

Injini inazunguka au imeshika? Kama haijulikani, usiguse stata. Fungua plagi, mimina oili kidogo kila silinda, iache ilale mpaka kesho, kisha zungusha kwa hendeli taratibu. Ile ni injini ya 1618 cc iliyolazwa upande, na silivu zake, yaani kuta za silinda, zinatoka, zinabadilishwa moja moja bila kuchonga bloku. Ndiyo maana mafundi wa zamani waliipenda. Ikila oili hukuitupa, ulitia silivu na pistoni mpya ukaendelea na kazi.

La pili, chukua bisibisi uchome chini ya milango, pande zote mbili. 404 haina chesi ya kujitegemea kama Land Rover, bodi ndiyo inayobeba kila kitu. Bisibisi ikizama, kutu ya chumvi imeshakula, na hapo ndipo penye gharama, si kwenye injini.

La tatu, kadi ya gari ipo? Kwa jina la nani?

Mtoto wa Utaani
Shukran fundi. Injini sijaizungusha. Bisibisi nimechoma sasa hivi, upande wa dereva ni mzima, upande wa pili imezama kidogo karibu na gurudumu la nyuma. Kadi ipo.

Karafuu Kavu, Vitz ziko nyingi. Hii baba alinifundishia. Nilikuwa nakaa kiti cha mbele, mkono wangu juu ya wake pale kati ya viti, ananionesha kuingiza gia mlima wa Mzambarauni. Huwezi kuniambia ni chuma tu.

Mpenzi wa Oxford
Kwa heshima zote, gari iliyosahauliwa khasa ni Morris Oxford. Iweke pembeni ya 404 uitazame mapezi ya nyuma, utadhani ndugu. Si ajabu, zote mbili umbo lake limechorwa na Pininfarina wa Italia. Na Oxford ya kabla ya hapo, Series III, Wahindi waliichukua wakaiita Ambassador, wakaitengeneza mpaka 2014. Gari gani nyengine imeishi hivyo? Marehemu ami yangu alikuwa nayo mtaa wa Ng'ambo, Unguja, rangi ya kijani. Mwenye taa ya nyuma ya Oxford anijulishe, natafuta ya kushoto.

Bi Mkubwa wa Kikwajuni
Mwanangu, fundi amekuuliza kadi kwa jina la nani, wewe umejibu "ipo". Nimelea watoto, jibu hilo nalijua.

Mtoto wa Utaani
Kwa jina la marehemu baba. Lakini bi mkubwa, mimi ndiye niliyeitunza. Mimi ndiye niliyeifunika turubai kila masika. Hakuna mwengine aliyeuliza hata tairi.

Bi Mkubwa wa Kikwajuni
Wengine wangapi?

Mtoto wa Utaani
Mama yupo. Na dada zangu wawili, mmoja Unguja, mmoja Muscat. Mirathi haijagawiwa, nyumba ndiyo iliyochelewesha mambo. Gari hakuna aliyeitaja, nikaona si kitu kwao.

Fundi Kabureta
Na huyo mnunuzi anaitakia nini? Kama ni mtu wa kuitengeneza, nitakwambia bei nyengine.

Mtoto wa Utaani
Ni hoteli moja pwani ya mashariki, Unguja. Wamekubali milioni 4. Kwa gari isiyowaka ni pesa nzuri, msiniambie si nzuri. Wataipaka rangi upya, wataiweka mbele, wageni watapiga nayo picha. Si ndiyo kuithamini huko? Hapa inaoza.

Fundi Kabureta
Wataipaka rangi tu?

Mtoto wa Utaani
Watakata paa na kuweka ubao juu. Iwe kaunta. Ya juisi, wamesema.

Karafuu Kavu
Hoteli ya pwani ya mashariki, kaunta ya juisi. Sawa. Mimi narudia, uza.

Bi Mkubwa wa Kikwajuni
Gari ya baba yako iliyopeleka watu hospitali, leo ikawekwe chupa juu! Na mama yako hajui!

Sikiliza hesabu. Madeni na wasia vikishatoka, mke ana thumuni, moja ya nane. Milioni 4, mama ana laki 5. Inabaki milioni 3 na nusu, mafungu manne: wewe mawili, dada zako moja moja. Wewe milioni 1 na laki 7 na nusu, kila dada laki 8 na 75 elfu. Hata nusu ya gari hiyo si yako. Unauliza bei isiyo dhulma, dhulma unaifanya wewe kabla ya mnunuzi.

Fundi Kabureta
Mimi naongeza la ufundi. Nimeshasema bodi ndiyo inayobeba. Ukikata paa la 404 umeiua, haitengenezeki tena. Ukiuza kwa mtu wa spea angalau vipande vyake vitaokoa nyengine. Kaunta haimwokoi mtu.

Shuwari
Samahanini wakuu, mimi nimesoma kuanzia juu na kuna kitu hakikai. Nimeendesha 404 mbili, ya teksi Dar na pikapu Tanga. Gia iko kwenye usukani, mkono wa fimbo unatokea ubavuni. Huyu anasema baba yake alimwekea mkono "pale kati ya viti". Kati ya viti vya 404 kuna nini? Halafu uzi mzima hakuna picha hata moja, na kila anachoulizwa jibu linatoka kwa kuvutwa. Hii ni chai. Tunapewa chai na sukari juu.

Mpenzi wa Oxford
Hata mimi nilishangaa. Mwaka jana kulikuwa na uzi wa Morris Minor ya babu, hadithi ile ile, mwisho mtu akaomba mchango wa spea.

Karafuu Kavu
Chai ya tangawizi hii. Bi mkubwa ameshatoa mpaka thumuni.

Bi Mkubwa wa Kikwajuni
Hesabu ya mirathi haiharibiki hata ikiwa gari ya uongo. Atakayeisoma ataitumia.

Mtoto wa Utaani
Wallahi si chai, wala sijamwomba mtu senti. Gia ya usukani ilikuwepo. Ilikufa nikiwa skuli, baba akapeleka gari Dar kwa meli, fundi akaitia geaboksi ya Peugeot 504 yenye fimbo ya chini. Sakafu ilikatwa, na bati lake limechomelewa vibaya, linakwaruza mguu. Mkono wa zamani kwenye usukani umeachwa, hauna kazi. Sikusema mapema kwa sababu nilijua mtaniambia si ya asili na bei itashuka.

Picha sitoi. Dada yangu wa Unguja anasoma humu. Na arabuni nimeshapokea, laki 6, nimezitumia kwa paa la jikoni la mama. Boti imelipwa, inapakiwa Mkoani Jumamosi. Nisingekuja kuomba ushauri kama moyo umetulia.

Fundi Kabureta
Shuwari, hapo mimi namwamini. Geaboksi za 504 kwenye 404 nimezifanya mwenyewe, na hilo bati linalokwaruza mguu hulijui mpaka upande. Kaka, si ya asili, lakini inarudishwa, maana mkono wa usukani upo. Ungeutupa ningekuonea huruma.

Shuwari
Basi nafuta neno langu kwenye gia. Kwenye arabuni silifuti. Umepokea pesa ya kitu ambacho si chako peke yako, halafu unatuuliza uuze au usiuze. Umeshauza.

Mtoto wa Utaani
Nimepokea arabuni, sijakabidhi gari. Na pesa imekwenda kwa mama, si kwangu.

Bi Mkubwa wa Kikwajuni
Basi mwambie mama mwenyewe kwamba paa la jikoni lake limetoka kwenye gari ya mumewe. Leo. Kisha dada zako, wote wawili kwa pamoja, asianze mmoja akamsimulia mwenziwe. Wakiridhia, uza. Wakikataa, laki 6 ni deni lako wewe. Na mkishindwa kuelewana, Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana ipo, wanagawa mirathi kila siku.

Nahodha wa Mkokotoni
Laki 6 kama watoto wa Wete waliopanda teksi ile watatoa elfu kumi kumi, haiko mbali kupatikana. Mimi si wa Wete lakini natoa. Hiyo ni gari ya Shankland.

Mtoto wa Utaani
Nimempigia mtu wa hoteli, boti imesogezwa wiki moja. Hakupenda. Dada wa Muscat nimemwandikia, ameona, hajajibu. Mama yuko msibani Konde, anarudi baada ya Alasiri, nitamwambia mwenyewe.

Fundi Kabureta
Vizuri. Oili kwenye plagi tia leo, usisubiri kikao. Mimi n'na kazi Chake wiki ijayo, nitapanda mpaka Wete niitazame, sitaki ujira. Hendeli ipo?

Mtoto wa Utaani
Ipo, ndani ya buti, imefungwa gunia.

Mpenzi wa Oxford
Na taa ya nyuma, ya kushoto?