Skrini mbili kwenye doki moja: kila moja peke yake ni nzima, zikiwa pamoja moja inagoma

Karani_Malaba

Habari zenu wote. Naombeni msaada, hii ni wiki ya pili nahangaika.

Mimi ni karani kwenye ofisi ndogo ya uwakala wa forodha hapa Malaba, upande wa Uganda. Kutwa nzima ni nyaraka za mizigo: ankara iko skrini moja, entri, yaani fomu ya forodha, naijaza kwenye nyingine, na ujumbe wa madereva unaingia kwenye laptopu yenyewe. Skrini tatu kwangu si anasa, ndiyo kazi.

Laptopu ni ya mtumba, prosesa ya Intel kizazi cha 8, Windows 10. Ina tundu la USB-C linalotoa picha, na tundu la HDMI ambalo sijawahi kulitumia. Doki, kile kisanduku cha kuongezea laptopu matundu, nilinunua Kampala: ina HDMI mbili, USB 3 tatu na tundu la waya wa intaneti. Skrini kubwa ni inchi 27, pikseli 2560 kwa 1440. Ndogo ni inchi 24, 1920 kwa 1080.

Nikichomeka kubwa peke yake, safi. Ndogo peke yake, safi. Nikiweka zote mbili kwenye doki, ndogo inakataa 1920 kwa 1080 na kunipa 1280 kwa 720. Herufi zinakuwa nene na zina ukungu, kama unasoma gazeti lililoloa.

Juzi ukungu huo nusura unitie matatani. Nilikuwa naingiza namba ya ushuru ya shehena ya laptopu, 8471.30.00. Ile 3 niliiona kama 8, nikaandika 8471.80.00, ambayo ni ya vifaa vingine. Mwenzangu aliipitia kabla hatujaituma, la sivyo dereva angelala barabarani kwa kosa la macho yangu.

Nimebadilisha waya za HDMI, nimesasisha draiva za kompyuta, nimenunua waya mpya wa USB-C kwa shilingi 60,000. Hakuna kilichobadilika. Muuzaji ananiambia ninunue doki kubwa zaidi. Kabla sijatoa hela tena, kuna anayejua tatizo liko wapi?

Kijana_Kampala

Dada pole. Usinunue kitu, tupige hesabu kwanza.

USB-C ina njia nne za kasi. Doki zenye USB 3 mara nyingi hugawa nusu kwa nusu: njia mbili za picha, mbili za data. Kwa laptopu ya umri huo kila njia hubeba gigabiti 5.4 kwa sekunde, kwa hiyo mbili ni 10.8. Ila kila biti 8 husafirishwa kama biti 10, hivyo zinazobaki kwa picha halisi ni 8.64.

Skrini yako kubwa: 2560 × 1440 × mara 60 kwa sekunde × biti 24 za rangi = gigabiti 5.31. Ndogo: 1920 × 1080 × 60 × 24 = 2.99. Jumla 8.3. Inatosha! Kwa maoni yangu doki ni mbovu. Mrudishie muuzaji.

Fundi_Busia

Kijana, hesabu yako ya njia ni sahihi kabisa, na nimefurahi umeiweka wazi. Ila kwenye skrini kuna kitu umekiruka, na hapo ndipo shida yote ilipo. Dada, usirudishe doki bado.

Umehesabu pikseli zinazoonekana tu. Ishara inayokwenda kwenye skrini ina nafasi tupu mwisho wa kila mstari, na nyingine mwisho wa kila picha. Ni urithi wa zile televisheni za kioo kinene: mwale ulihitaji muda wa kurudi mwanzo wa mstari. Skrini bapa haina mwale, lakini nafasi ile imebaki, imepunguzwa tu, nayo inapita kwenye waya uleule na kula nafasi yake.

Ukiijumlisha, 2560 kwa 1440 kwa hezi 60 (mara 60 kwa sekunde) inahitaji pikseli milioni 241.5 kwa sekunde. Zidisha kwa 24, unapata gigabiti 5.8. Ile ya 1920 kwa 1080 inahitaji milioni 148.5, yaani 3.56. Hata skrini ikikubali nafasi tupu iliyobanwa zaidi, milioni 138.5, bado ni 3.3. Jumla ndogo kabisa ni 9.1, na barabara yako, yaani zile njia mbili za picha, ni 8.64. Tena doki inapochanganya picha mbili kwenye waya mmoja, kuna kipande kidogo kinachotumika kuandika picha hii ni ya nani.

Sasa ondoa 5.8 kwenye 8.64. Inabaki 2.8. Windows inatafuta ukubwa unaoenea humo, inakuta 1280 kwa 720, ambayo haifiki hata 1.8. Ndiyo maana dada umepewa hiyo. Kompyuta haijakosea, imekupa kilichobaki.

Wewe foleni ya malori unaijua kuliko mimi. Una barabara ya njia nne, na mbili zimetengwa kwa ajili ya flashi na diski. Hata siku usipochomeka flashi yoyote, zile njia hazirudi kwenye picha, zinakaa wazi huku malori yanabanana upande wa pili.

Jaribu hivi leo, bila senti: ishushe ile kubwa iwe 1920 kwa 1080. Ndogo ikirudi 1920 kwa 1080 safi, jua hakuna kilichoharibika, si doki wala waya. Baada ya hapo irudishe kubwa kwenye 1440, chomoa ndogo kwenye doki, uichomeke moja kwa moja kwenye HDMI ya laptopu. Tundu hilo lina njia yake kutoka kwenye chipu ya picha, halichangii na doki hata kidogo.

Karani_Malaba

Asante sana fundi, nitajaribu nikitoka kupeleka karatasi geti. Lakini mbona kwenye boksi la doki wameandika "4K mbili", yaani skrini mbili za 3840 kwa 2160?

Fundi_Busia

Inawezekana, ila si kwa laptopu yako. Laptopu za karibuni zaidi hupeleka 8.1 kwa kila njia badala ya 5.4. Njia mbili za namna hiyo hubeba karibu 12.96, na 4K mbili za hezi 30 huweza kuenea humo, nafasi tupu ikibanwa. Nyingine pia zinajua kuibana picha kabla ya kuituma. Boksi linakuambia doki inaweza nini ikikutana na kompyuta inayoweza.

Na hili wengi hawalijui: kuna doki za bei ndogo zenye USB 2.0 tu, watu wanazidharau. USB 2.0 ina waya zake pembeni, kwa hiyo doki hiyo huweza kuziacha njia zote nne kwa picha. Kwa laptopu yako ni gigabiti 17.28, skrini zako zote mbili zingekaa kwa raha. Asiyehitaji diski ya kasi aangalie hilo kabla ya kulipia kubwa.

Mwalimu_Mbale

Samahani nadandia. Mimi nina MacBook Air ya M1 na doki ya aina hiyo hiyo. Skrini zangu mbili zinaonyesha kitu kimoja, kama kioo. Nayo ni nafasi kuwa ndogo?

Fundi_Busia

Hapana mwalimu, yako ni habari nyingine. Doki hizo hugawa picha kwa njia iitwayo MST, na macOS haiitumii kutoa skrini mbili tofauti, inarudia picha moja kotekote. Isitoshe, MacBook Air ya M1 inakubali skrini moja tu ya nje hata ungekuwa na barabara pana namna gani.

Kinachowezekana ni adapta ya DisplayLink. Hiyo huibana picha na kuipitisha kama data ya kawaida ya USB. Utaweka programu yake, na Mac itakuomba ruhusa ya kurekodi skrini, uikubali. Kwa maksi na mitihani itakufaa. Prosesa inafanya kazi kidogo zaidi, na filamu zenye ulinzi huwa zinagoma kuonyesha.

Karani_Malaba

Jamani, nimerudi.

Nilianza na jaribio. Nilipoishusha kubwa, ndogo ilizima sekunde kama mbili, ikarudi 1920 kwa 1080, herufi kali kama wembe. Nikairudisha kubwa kwenye 1440, ndogo ikaanguka tena 720. Nimerudia mara tatu ili niwe na uhakika, kila mara vilevile. Kisha nikachukua waya ule ule wa HDMI, nikautoa kwenye doki na kuuchomeka ubavuni mwa laptopu. Zote mbili sasa ziko kwenye ukubwa wake, hezi 60. Kitu kimoja tu kilinisumbua: Windows ilizipanga kinyume, kipanya kikawa kinatokea upande nisioutazamia. Nimeingia kwenye mipangilio ya skrini nikayaburuta yale maboksi mpaka yakafuata jinsi zilivyo mezani.

Nimeifungua tena ile ankara ya laptopu. Ile 3 ina mdomo wazi upande wa kushoto, naiona bila kusogeza kichwa. Kijana, nawe asante, bila hesabu yako fundi asingekuwa na pa kuanzia.

Swali la mwisho. Bosi kaona, sasa anataka tuongeze skrini nyingine ya inchi 24 kwenye meza yangu hii. Itawezekana?

Fundi_Busia

Itawezekana kwa sharti moja. Chipu ya picha ya laptopu yako huendesha skrini tatu kwa jumla, na ya laptopu inahesabiwa. Kwa hiyo utafunika laptopu na kutumia kibodi ya nje, na kwenye mipangilio ya umeme uiambie isilale ukiifunika.

Kisha zibadilishe mahali. Hiyo ya inchi 27 ndiyo ihamie HDMI ya laptopu. Hata HDMI ya zamani ya 1.4 inabeba 2560 kwa 1440 kwa hezi 60. Zile mbili za inchi 24 ziende kwenye doki: 3.56 mara mbili ni 7.12, chini ya 8.64. Ukiiacha kubwa kwenye doki pamoja na hiyo mpya, utarudi palepale kwenye ukungu.