Kusimamia ofa za kazi: Excel na chatboti, Zoho Recruit au Odoo?

Mizani:
Wakuu wa HR, naomba tulinganishe. Kampuni ya watu 60, Dar, ofa 15 hadi 20 kwa mwaka, HR wawili. Kuchuja CV hakusumbui. Kazi iko kuanzia mgombea anapochaguliwa hadi anaposaini: barua, idhini ya fedha na mkurugenzi, kufuatilia nani kajibu. Mezani kuna (1) Excel, Word na ChatGPT, (2) Zoho Recruit, programu ya ajira ya mtandaoni, (3) Odoo Community, toleo la bure la programu ya kuendesha biashara, kwenye seva ya ofisi. Ipi, na AI iguse wapi?

Kikokotoo:
Kwa ofa 20, namba 1 inatosha, mradi chatboti isiguse tarakimu hata moja. Iandike lugha ya barua na aya ya majukumu, mtu asome, kisha iwe kiolezo. Mshahara, cheo na tarehe vitoke Excel kwa Mail Merge ya Word, inayojaza barua kutoka kwenye jedwali.

Hapo pana mtego. Word huvuta namba bila alama zake, 1,500,000 inatoka 1500000, na tarehe inaweza kuja Kimarekani, mwezi mbele. Bonyeza Alt+F9 uone misimbo, kwenye sehemu ya mshahara ongeza \# "#,##0", kwenye tarehe \@ "dd/MM/yyyy", bonyeza Alt+F9 tena ndipo uunganishe.

Kuhusu tarakimu, chukua mshahara ghafi wa 1,500,000. NSSF (mchango wa hifadhi ya jamii) 10% ni 150,000, inabaki 1,350,000 ya kutozwa kodi. Kwa jedwali la TRA la 2024/25, PAYE (kodi ya mshahara) ni 128,000 jumlisha 30% ya kinachozidi milioni moja, yaani 233,000. Mkononi 1,117,000. Chatboti ikitoza kodi kabla ya kutoa NSSF inapata PAYE 278,000 na mkononi 1,072,000. Pengo la 45,000, na barua inasomeka vizuri tu, hakuna wa kushtuka.

Bi Mkataba:
Afadhali tarakimu, zinahesabika. Vifungu ndivyo vinavyopita kimyakimya. Ukiomba barua bila kutaja nchi, likizo inaweza kuja siku 21 za kazi, ambayo ni sheria ya Kenya. Tanzania Bara ni siku 28 mfululizo, sikukuu zikiwa humo humo.

Kiolezo kipime kwa kifungu cha 15 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004: mahali alipoajiriwa, maelezo ya kazi, tarehe ya kuanza, aina na muda wa mkataba, kituo cha kazi, saa za kazi, ujira na namna unavyokokotolewa. Hicho cha kwanza husahaulika sana. Mtu aliyeajiriwa Mwanza akafanya kazi Dar, mkataba ukiisha gharama ya kumrudisha Mwanza na mizigo yake inasimama juu ya mstari huo mmoja.

Seva ya Chini:
Naitetea Odoo kidogo. Community ina moduli ya ajira, unaburuta kadi ya mgombea kutoka hatua hadi hatua, na taarifa zinabaki kwenu. Lakini programu yake ya kusaini iko toleo la kulipia, Enterprise, kwa hiyo mtarudi kwenye PDF, kuchapa na kuskani. Lazima pia awepo mtu wa kuhifadhi nakala ya PostgreSQL (hifadhidata ya Odoo) kila usiku na kujaribu kuirejesha. Kama IT wenu ni fundi wa kuitwa, achaneni nayo.

Mizani:
Asante mkuu, IT wetu ni wa kuitwa. Basi Zoho inazidi Excel kwa lipi hasa?

Foleni ya Saini:
Idhini. Kwenye Excel, idhini ni barua pepe ya "sawa" ambayo baada ya wiki haijulikani ilikuwa ya mshahara upi. Kwenye mfumo unapanga mkuu wa idara, kisha fedha, kisha mkurugenzi, na kila mmoja anaacha tarehe. Kabla ya kulipia, tengeneza ofa ya majaribio, ipitishwe, halafu badilisha mshahara. Isiporudi kuomba idhini upya, mpangilio huo haufai.

Mwambie anayesimamia domeni yenu aweke SPF na DKIM (mipangilio inayothibitisha barua pepe imetoka kwenu kweli) kabla ya barua ya kwanza, la sivyo ofa inalala kwenye spamu na nyinyi mnadhani mgombea anaringa. Muda wa kujibu wekeni siku 5 za kazi, ukumbusho siku ya 3.

Zia, AI ya Zoho, inalinganisha wagombea na nafasi, haina kazi kubwa hatua hii. Na programu yoyote inayokisia nani atakubali ofa, kwa ofa 20 kwa mwaka inabahatisha. Inayopendekeza mshahara kutokana na mishahara yenu ya nyuma ni mbaya zaidi: kama wanawake walilipwa pungufu, itapendekeza pungufu.

Bi Mkataba:
Namba ya NIDA na jina visibandikwe kwenye chatboti. Andika MGOMBEA_07, jina lirudi kwenye Word. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inagusa pia kupeleka taarifa nje ya nchi, na Zoho nayo ni wingu, kwa hiyo ulizeni data inakaa wapi.

Kikokotoo:
Bado nasema Excel. Ongezeni safu tatu: toleo la ofa, aliyeidhinisha, tarehe ya idhini. Mshahara ukibadilika, mstari mpya, wa zamani usifutwe.

Foleni ya Saini:
Na siku HR mmoja yuko likizo, faili liko kwenye laptopu yake?

Kikokotoo:
Hapo umenipata. Liwekeni kwenye folda ya pamoja.