Benzili benzoati ya upele: je, ni salama kwa watoto?

Mzazi wa Arua: Ndugu zangu, hamjambo. Mwanangu wa miaka 7 amerejea kutoka shule ya bweni akiwa na upele katikati ya vidole na kiunoni, na usiku hujikuna hadi kutoka damu. Dukani nimepewa benzili benzoati ya asilimia 25. Dada yake, anayesoma kemia kidato cha tano, amenizuia kuitumia kwa kuwa jina hilo limetokana na benzeni, ambayo husababisha saratani ya damu. Nina pia kichanga cha miezi 3. Nifanyeje?

Mwalimu wa Kemia: Mzazi mwenzangu, binti hajakosea kuhusu benzeni, ila jina amelisoma nusu. Benzili ni pete ya kaboni sita iliyoshikana na kaboni ya saba, na hiyo ya saba ni kama mpini ambao mwili huushika. Benzeni haina mpini, hivyo ini huishambulia pete yenyewe, na mazao yake ndiyo yanayodhuru uboho. Benzili benzoati huvunjwa ikawa alkoholi ya benzili na asidi ya benzoiki. Alkoholi nayo hugeuzwa kuwa asidi hiyo hiyo, ambayo huunganishwa na glisini (asidi amino iliyomo mwilini) na kutoka kwa mkojo. Hata penisilini G ina kundi la benzili.

Muuguzi Mstaafu: Mwanangu, kwa huyo wa miaka 7 changanya dawa na maji kwa kiasi sawa, ibaki asilimia 12.5. Mpake kuanzia shingoni hadi nyayo, pamoja na chini ya kucha, ikae saa 24 ndipo aoge. Itamchoma palipochubuka. Kosa ninaloliona mara nyingi ni kumtibu mgonjwa peke yake, ilhali aliyeambukizwa kwa mara ya kwanza anaweza kukaa wiki 4 hadi 6 bila kuwashwa; wote mtibiwe siku moja, na shuka zifuliwe kwa maji ya moto. Kichanga usimpake kwa kukisia, mpeleke kituo cha afya.

Mwalimu wa Kemia: Naunga mkono. Mwaka 1982 nchini Marekani iliripotiwa kwamba watoto njiti walifariki kwa alkoholi ya benzili iliyokuwa kihifadhi katika maji ya sindano, kwa kuwa maini yao machanga hayakuweza kuiondoa.

Mzazi wa Arua: Asanteni sana. Baba yao yuko Koboko tangu juzi na atarudi Jumamosi. Tumsubiri?

Muuguzi Mstaafu: Msimsubiri. Mtumie chupa yake kwa basi, ajipake huko huko siku mtakayojipaka ninyi.