Swichi mbili za KVM nimeziunga, ya pili haisikii kibodi. Msaada wakuu

Fundi Mwanjelwa
Wakuu habari za jioni. Nachukua CPU za mtumba Dar, nazipima hapa Mbeya kabla ya kuwauzia wenye steshenari. Meza ndogo, monita moja, kibodi moja. Swichi yangu ya KVM (inayofanya monita na kibodi moja zitumike kwa CPU nyingi) ni ya matundu 8. Mzigo ulipozidi nikaongeza ya matundu 4, nikaichomeka kwenye tundu la mwisho la ile kubwa, kwa hiyo nafikia CPU 11. Sasa nikibonyeza Scroll Lock mara mbili na namba, kubwa inahama, ndogo wala haishtuki. Halafu CPU za kule nikiziwasha huku natazama nyingine, nikirudi nakuta skrini nyeusi. Ninunue ya matundu 16 au hii inatibika?

Mnyalu wa Kihesa
Kamwene mkuu. Tunza hela yako kwanza. Amri ya kibodi inaanzia swichi kubwa, na inaishia hapohapo. Swichi zilizoundwa kuungana hutambuana, tena mara nyingi lazima ziwe za kampuni moja. Hizo zako hazijuani. Cheki kama ndogo inakubali kubadilishiwa kitufe, labda Ctrl mara mbili. Ikigoma, si iko mezani? Ibonyeze kwa kidole.

Uyole Kompyuta
Skrini nyeusi ni ugonjwa mwingine. CPU ikiwaka huuliza monita inaweza picha ya ukubwa gani (ndiyo EDID hiyo). Swichi za bei rahisi hazimjibu ambaye hajachaguliwa, basi CPU inadhani haina monita. Ichague kwanza, ndipo uiwashe. Kibodi nayo vilevile: kama swichi haijifanyi kibodi kwa CPU ambazo hujazichagua, kila ukihama ni sawa na kuchomoa USB, na ukirudi mpaka itambuliwe upya, muda wa kubonyeza F2 uingie BIOS (mipangilio ya kuwashia) umeshapita.

Na hiyo ndogo ipe adapta yake! Tundu la USB 2.0 ni miliampia 500 tu, halafu unataka lilishe swichi, kibodi na mausi.

Mzee wa Makambako
Kwa kupima RAM mbona kibodi hata huihitaji. Weka Memtest86+ kwenye flashi, ikiwaka inajiendesha yenyewe. Kwenye BIOS zima ile tabia ya kusimama ikikosa kibodi. Ziache zikimbie usiku kucha, asubuhi unapita tundu kwa tundu unasoma. Ukiona mistari myekundu (makosa ya RAM), chomoa RAM ubaki na kijiti kimoja, urudie.

Fundi Mwanjelwa
Asanteni wakuu. Adapta nimeipa, kibodi inashika sasa, na ndogo naibonyeza kwa mkono. Ila CPU za kule herufi zina kivuli upande wa kulia.

Uyole Kompyuta
Waya wa VGA (wa picha) kati ya swichi na swichi ni mrefu au mwembamba. Tafuta mfupi mnene. Ukikosa, shusha picha hadi 1024 kwa 768, kwa kupimia inatosha kabisa.