Mizani ya maabara haisomi kwenye Linux, Windows ilikuwa haina shida

mpima_usiku:
Wakuu habari zenu, naombeni msaada hapa nimekwama siku ya tatu. Kuna mizani ya maabara, ile ya desimali nne za gramu, ya zamani kidogo haina USB, nyuma ina ile poti ya pini 9. Ilikuwa inatuma uzito kwenye kompyuta ya Windows kwa programu iliyokuja nayo, kompyuta yenyewe imekufa, sasa nimepewa hii ya Ubuntu 22.04 nikaandika kaskripti kangu ka Python kawe kanaomba uzito kila sekunde 5 na kuuandika kwenye faili. Nimechomeka waya wa USB kwenda siriali, skripti inasema hakuna /dev/ttyUSB0, yaani poti ya huo waya. Mara mojamoja naiona kabisa, nikipiga ls tena haipo! Nimebadilisha waya, nimebadilisha tundu, nimewasha upya mpaka nimechoka. Ni draiva haipo au? Jamaa mmoja hapa ananiambia nirudishe Windows tu yaishe.

koili_tupu:
Pole mkuu. Draiva za hizo waya karibu zote zimo ndani ya keneli (kiini cha Linux), usianze kudownload vitu. Chomoa waya, fungua teminali andika `sudo dmesg -w` inayoonyesha ujumbe wa keneli, iache hivyohivyo ndo uchomeke, alafu tuwekee hapa kinachotokea. Skripti yako isahau kwanza, kama poti haipo hata uandike skripti ya dhahabu haitasoma kitu.

mpima_usiku:
Nimefanya, imetoa hivi (nimepunguza):

```
usb 1-3: New USB device found, idVendor=1a86, idProduct=7523
usb 1-3: ch341-uart converter now attached to ttyUSB0
usb 1-3: usbfs: interface 0 claimed by ch341 while 'brltty' sets config #1
ch341-uart ttyUSB0: ch341-uart converter now disconnected from ttyUSB0
```

koili_tupu:
Mwizi huyo hapo mstari wa tatu 😂. brltty ni programu ya kuendesha vifaa vya maandishi ya nukta nundu kwa wasioona. Sasa kuna vifaa vya aina hiyo vinavyotumia chipu ileile iliyomo kwenye waya wako, namba zilezile 1a86:7523, kwa hiyo ukichomeka tu brltty inadhani kifaa chake kimefika inakidaka, keneli inanyang'anywa poti. Ndo maana unaiona sekunde moja inapotea. Ubuntu 22.04 imewasumbua wengi na hii kitu.

Kama hapo hakuna anayetumia nukta nundu, `sudo apt remove brltty` umemaliza. Ila kama kuna mtu asiyeona anatumia hiyo mashine tafadhali usiitoe, nakili faili la /usr/lib/udev/rules.d/85-brltty.rules uliweke /etc/udev/rules.d/ kwa jina lilelile, humo ndo utie alama ya # mbele ya mstari wenye 1a86 na 7523. Lile la /usr/lib usiliguse, sasisho likija litakufutia.

chapchap:
Ukimaliza hapo itakuambia Permission denied, we piga `sudo chmod 777 /dev/ttyUSB0` usisumbuke, au endesha skripti kwa sudo.

nati_na_bolti:
@chapchap hapana bana, hiyo chmod ya kufungulia kila mtu ruhusa inaisha ukichomoa waya, maana ukichomeka tena faili la poti linaumbwa upya na ruhusa zake za mwanzo. Na skripti kuendesha kwa sudo, yaani kwa mamlaka yote ya mashine, kila siku kwa ajili ya mizani tu? Dawa ni kujiingiza kwenye kundi lenye hizo poti, kwenye Ubuntu ni dialout: `sudo usermod -aG dialout $USER`. Hiyo a usiisahau, ukiandika -G peke yake unajitoa kwenye makundi mengine yote ikiwemo la sudo, nimeshamwona mtu akilia. Alafu toka kabisa kwenye akaunti uingie tena, kufunga teminali na kuifungua haitoshi. Andika `id` uone kama dialout ipo.

mpima_usiku:
Asanteni sana, brltty nimeitoa, dialout nimeingia, poti sasa imetulia. Ila jipya: nikituma amri ya kuomba uzito (kijitabu kinasema ESC, P, alafu CR LF za kumaliza mstari) mizani kimya kabisa. Nikibonyeza kitufe cha kuprinti kwenye mizani yenyewe ndo inatuma, lakini napata takataka. Spidi nimeweka 1200 kama menyu yake inavyosema.

`b'\xab  12\xae417\xb0 g  \r\x8a'`

koili_tupu:
Mkuu hiyo sio takataka hata kidogo, uzito wako ni gramu 12.4170 😀

Angalia: 1, 2, 4, 7 na g zimepita salama, zilizoharibika ni alama ya kujumlisha, nukta, sifuri na ile ya mwisho wa mstari. Kwa kodi za herufi za kompyuta sifuri ni 0x30, wewe umepata 0xb0, yaani biti ya nane imewaka. Nukta ni 0x2e umepata 0xae, mchezo uleule. Mizani inatuma biti 7 za herufi na ya nane ni pariti ya witiri (biti ya ukaguzi inayofanya idadi ya biti zilizowaka iwe witiri), wewe Python umeiacha kwenye kawaida yake ya biti 8 bila pariti, kwa hiyo inaisoma pariti kama sehemu ya herufi. Na ndo sababu amri zako hazijibiwi, ESC yako na P zinafika na pariti mbovu, mizani inazitupa. Weka hivi:

`serial.Serial('/dev/ttyUSB0', 1200, bytesize=7, parity='O', stopbits=1, timeout=2)`

Kwenye Windows ile programu ilikuwa inajipangia yenyewe, hukuwa na haja ya kujua.

mpima_usiku:
IMEKUBALI!! `+  12.4170 g` kila sekunde 5 aisee. Swali dogo, nataka kuongeza mizani ya pili kwa waya kama huu, nitajuaje ipi ttyUSB0 ipi ttyUSB1?

nati_na_bolti:
Hizo waya za 1a86 kwa kawaida hazina namba ya siriali ndani, zinafanana kama mapacha, kwa hiyo usihangaike na majina ya /dev/serial/by-id yanayotegemea namba hiyo. Tumia majina ya /dev/serial/by-path, yanafuata tundu. Bandika karatasi kwenye kila tundu mtu asije akazihamisha.

mpima_usiku:
Sawa kaka. La mwisho kabisa, ile desimali ya nne inacheza, 0, 3, 1, 4, haitulii. Nayo ni pariti?

koili_tupu:
Hapana, huo ni upepo, funga mlango wa kioo wa mizani.

mpima_usiku:
😂😂 Ulikuwa wazi.